Naam Yangu, An Ka Yako

Opiyo, pacha wangu uliyenitangulia mara mbili,

Mara ya kwanza ulitangulia kuzaliwa, wakakuita Opiyo, mwenye haraka. Mimi nikafuata, nikaitwa Odongo, aliyebaki. Nimelibeba jina hilo zaidi ya miaka sabini bila kuliuliza kitu. Mwaka huu umetangulia tena, na sasa kila nikilitaja jina langu nasikia linanijibu.

Naandika nikiwa nimesimama jikoni, kwa sababu kila nikikaa nainuka. Nimechemsha chai mara mbili na mara zote mbili nimeisahau. Simu iko kando ya kopo la sukari, nimeilaza kifudifudi. Saa nne asubuhi kwa saa za huko nyumbani, Nyar Uriri, mke wako, atampelekea mama simu kama afanyavyo kila Jumapili, na mama ataita jina. Nina saa mbili na nusu za kuamua nitajibu kwa lugha gani.

Naandika waziwazi, yeyote asome, maana kosa lenyewe nililifanya waziwazi, kwenye simu iliyowekwa spika, mbele ya mkeo na majirani wawili waliokuja kumpa pole.

Tena naandika kwa Kiswahili. Ungekuwepo ungesema, "Bwana DC ameanza." Wewe unajua lilipotoka jina hilo. Wengine hawajui, kwa hiyo nivumilie nikikueleza mambo uliyoyaona kwa macho yako.

Unakumbuka ule mchanga wa Sori, kando ya ziwa. Mama alikuwa akinunua omena mbichi, wale dagaa wa ziwani, kwa wavuvi, anazianika juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa ufuoni, na sisi watoto watano tukatawanywa kati ya nyavu hizo kufukuza kunguru na yangeyange. Hakuwa na muda wa kuzunguka akitukagua. Alisimama mahali pamoja, akaita mwito mmoja mrefu, nasi tukajibu kila mmoja kutoka pembe yake, kwa pamoja, kama vifaranga. Katika makelele yale yeye alimsikia kila mtu peke yake. "Awuor, sauti yako imeshuka. Njoo nikuguse paji." Dada yetu alikwenda huku akisisitiza kwamba haumwi, na jioni homa ikampanda kweli. Mama alijua kabla ya mwenye homa.

Sauti mbili tu ndizo zilizomshinda. Zetu.

Kisha ikaja siku ya mvua. Ilitoka upande wa ziwa ghafla, nyeusi, na mama akiwa mbali akipima omena za mteja. Akapaza sauti: "Opiyo!" Nikaitika, nikidhani anatuita sote. "Odongo!" Nikaitika tena. Alisikia majibu mawili, akaamini ana watoto wawili kwenye nyavu, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Kumbe wewe ulikuwa huko kwenye maboti, umechuchumaa mbele ya fundi aliyefungua injini, mdomo wazi. Nilifunika omena za upande wangu. Za upande wako zikanyeshewa zote. Na omena iliyonyeshewa haiuzwi tena kwa mtu. Huuzwa kwa mwenye kuku.

Hakutupiga. Nadhani tungefurahi kama angetupiga. Alikaa juu ya debe lililopinduliwa, akatutazama kwa zamu kama anayetafuta mshono.

"Mungu alinipa watoto wawili na sauti moja," akasema. "Sawa. Basi lugha nitagawa mimi. Opiyo, ukiitwa utajibu Kidholuo. Sema *An ka*, niko hapa. Odongo, wewe utajibu Kiswahili."

"Kiswahili cha nani?" nikauliza.

"Cha sokoni. Utasema *Naam*."

"Na nikisahau?"

"Ukisahau nitajua mtoto wangu mmoja hayupo."

Kiswahili chake mwenyewe alikiokota mpakani, Isebania, akiwauzia Wakuria na wafanyabiashara wa Tanzania, hao hao waliotuita Kulwa na Doto, majina ya mapacha ya kwao, na kukataa kujifunza majina yetu. Kilikuwa Kiswahili chenye maneno machache, yote yanafanya kazi. Alinipa mimi nusu ya hicho. Ufuo mzima ukanicheka, kana kwamba nimekuwa mkuu wa wilaya. "Bwana DC! Bwana DC anasema naam!" Na wewe ndiye uliyeongoza kwaya. Ulikuwa ukitembea nyuma yangu umeshika fimbo kwapani, umevimbisha tumbo, unakagua omena.

Lakini alama hiyo niliyotiwa kama ng'ombe anavyotiwa alama ya sikio, ndiyo iliyonifungulia njia. Mwalimu alimpenda mtoto aliyejibu naam. Akaniazima kitabu, kisha kingine. Siku moja nilipotea nikisoma nyuma ya nyumba yake, mama akaita, na wewe, kwa huruma yako, ukanijibia. "Naam!" ukapaza. Mama akatega sikio, halafu akaita tena, na ukajibu tena. Akaja moja kwa moja hadi uliposimama, akakushika sikio.

"Hiyo naam imetoka wapi?"

"Ni ya Odongo, mama."

"Odongo husema naam kama mtu anayefungua mlango. Wewe umesema kama mtu anayeusukuma. Yuko wapi?"

Siku hiyo ndiyo tuliyochapwa, wote wawili, na tukapewa sheria ambayo mji wetu umeishi nayo mpaka leo: kila mtu ajibu mwito wake. Mimi na mama hatukuwahi tena kuzungumza lugha nyingine. Hata nilipokwenda ng'ambo kwa masomo ya miaka miwili, yakazaa kazi, kazi ikazaa miaka arobaini, simu zetu zilikuwa za Kiswahili. Wewe na mama Kidholuo, mimi na mama Kiswahili. Nyar Uriri alipoolewa kwetu alikuta hivyo, akaniita shemeji kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza, akidhani pengine nina kasoro.

Nimetoka kidogo kwenda dirishani. Kumepambazuka. Jirani anakwangua barafu kwenye kioo cha gari lake, na sauti ile inanikera leo kuliko siku zote.

Niseme juu ya kazi yangu, kwa sababu bila hiyo hutaelewa ninachokiogopa. Mara ya mwisho tulipokaa pamoja, Migori, katika ile hoteli ndogo iliyo karibu na stendi, uliniuliza kwa mara ya kwanza maishani: "Lakini wewe hasa unafanyaga nini huko?" Ulikuwa na mandazi mkononi na mafuta ya injini chini ya kucha, kama kawaida yako. Nikakueleza. Kuna vihisi, nikasema, vipande vya metali nyembamba mno, vinavyowekwa katika baridi kali kuliko ya huko juu kati ya nyota. Vikipoa kiasi hicho, umeme hupita ndani yake bila kizuizi chochote. Mwanga hafifu uliosafiri kutoka mbali ukikigusa kimoja, utulivu ule hutikisika kidogo, nasi tunausoma mtikisiko huo. Shida ni waya. Kila waya unaoingia ndani ya jokofu lile huingiza joto, kama mlango ulioachwa wazi. Ukiwa na vihisi elfu huwezi kupeleka waya elfu. Utakuwa umepika ulichotaka kukigandisha. Kwa hiyo vyote hutundikwa kwenye waya mmoja, na kila kimoja hupewa saketi yake ndogo inayovuma kwa sauti yake, tofauti na ya jirani. Unatuma sauti zote kwa mkupuo. Zinapita mbele ya vihisi vyote, zinatoka zimechanganyika, na huku nje mitambo niliyoitengeneza mimi na wenzangu inazitenganisha moja moja. Kilichoguswa na mwanga hujulikana kwa sababu sauti yake imeshuka kidogo.

Uliweka mandazi chini.

"Ngoja kwanza. Unaita mara moja?"

"Mara moja."

"Wote wanajibu pamoja. Halafu unajua mwenye homa kwa sababu sauti imeshuka?"

"Ndiyo."

"Odongo! Na hao watu wamekulipa miaka hii yote kufanya kazi ya mama?"

Chai ilinitoka puani. Mhudumu alikuja na kitambaa, wewe ukamwambia aniache, ni daktari wa baridi, huwa anapata kifafa cha joto. Tulicheka mpaka watu wa meza ya pili wakaanza kucheka bila kujua sababu. Kisha ukauliza swali la fundi, lile ambalo hakuna mgeni wa maabara aliyewahi kuniuliza.

"Na wakitokea mapacha?"

Nilikwambia ukweli. Hutokea. Mkono wa binadamu, na hata wa mashine, haukati sawasawa. Saketi mbili zilizokusudiwa kutofautiana huangukia sauti ile ile. Tunasema zimegongana. Zikigongana huwezi kujua mwanga umemgusa nani. Na mkuu wetu, mama mmoja mfupi asiye na subira na mambo ya kubahatisha, alikuwa na kanuni moja: "Futeni zote mbili."

"Zote?" ukauliza. "Hata ile haina makosa?"

"Hakuna yenye makosa. Ndiyo shida yenyewe."

Ukazungusha kikombe. "Hapana. Mama hakufuta mtu. Aligusa mmoja."

Niliporudi kazini maneno hayo yalikuwa yameingia na mzigo wangu. Ndani ya kila saketi kuna kitu kama vitana viwili vilivyoumana meno. Ukiyafupisha meno, sauti hupanda. Nilimwomba yule mkuu wetu ruhusa ya kujaribu: tupime kila mmoja ameangukia wapi, kisha tufungue jokofu, tukate meno ya mmoja kati ya kila wawili waliogongana, kidogo tu, tupoze tena. Alisema tutaharibu vyote. Baadhi tuliharibu. Lakini wengi waliachana, wakasikika wawili. Tulipoandika ripoti niliweka majina ya watu saba, na lako halikuwemo, kwa sababu sikujua niandike cheo gani. Naliweka hapa: Opiyo, fundi wa injini za maboti, Sori.

Ulipolazwa Homa Bay kwa ajili ya kifua, nilikata tiketi. Siku tatu kabla ya safari, pazia la nyuma ya jicho langu la kulia lilichanika, wakanipasua siku hiyo hiyo, wakaniwekea kiputo cha gesi ndani ya jicho ili kilishikilie. Mtu mwenye kiputo hicho hapandi ndege. Hewa ya juu ikipungua, gesi hutanuka, jicho linakwenda. Daktari alinieleza mara mbili kwa sababu nilimwomba arudie. Ulinitumia ujumbe wa sauti kutoka kitandani: "Tulia huko na jicho lako. Mimi siendi mahali." Wewe na haraka yako. Siku nne baadaye Nyar Uriri alinipigia simu na hakuweza kusema neno, nami nikamwambia, "Nimesikia, shemeji."

Nilitazama mazishi yako kwenye simu, kwa jicho moja, nimeinamisha uso kama nilivyoagizwa ili kiputo kikae mahali pake. Mtu angeniona angesema huyu anaomboleza vizuri. Nilimwona mama ameketi kando ya jeneza, mkono juu ya ubao. Macho yake yamekufa siku nyingi na akili yake, unajua, ilikuwa imeanza kwenda na kurudi kama mtu asiyepata usingizi. Lakini siku ile alikuwepo. Alikuita. Aliita jina lako mara tatu, akatega sikio.

Jumapili iliyofuata nilipiga simu kumpa pole. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya Kiswahili, mazuri, niliyaandika hata kwenye karatasi. Mkeo akaweka spika. "Mama, mtoto wako huyu kwa simu." Mama akauliza, "Nani?" Na sijui, Opiyo. Sijui. Siku saba nilikuwa nimekaa peke yangu nikiizungumza lugha yetu na ukuta, lugha ambayo wewe ulikuwa mtu wa mwisho kunisemesha. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"*Oyawore*, mama," nikamwamkia kwa Kidholuo. "*An ka.*"

Alicheka. Kicheko cha msichana. "Opiyo! Wewe, unatoka wapi? Wamenidanganya hawa!"

Nilisikia majirani wakishtuka, na kigoda kikiburutwa. Nilikuwa na pumzi moja ya kusema hapana, mama, ni mimi. Pumzi hiyo niliitumia kusema tena, *An ka*.

Baadaye mkeo alinipigia peke yake. Nilidhani atanilaani.

"Shemeji," akasema, "amekunywa uji kikombe mzima. Wiki nzima hajaweka kitu mdomoni. Amekula mpaka samaki, ameuliza iko wapi ingine."

"Nimefanya vibaya."

"Sijui kama ni vibaya. Wewe piga tu Jumapili."

Nikapiga. Nikapiga tena. Nikawa wewe kila Jumapili, kwa muda wa chai moja. Niliuliza habari za boti, nilitukana bei ya petroli, nilikohoa kama wewe. Nilijua maneno yako yote; kwa nini nisiyajue? Na nikiri jambo hapa ambalo mkeo hajui: nilifurahi. Nilikuwa nikizungumza Kidholuo na mama yangu kwa mara ya kwanza tangu tukiwa watoto, nikiitwa *nyathina*, mwanangu, kwa sauti ambayo miaka yote niliisikia ikielekezwa kwako. Nilikuwa nimeionea wivu lugha yenu, Opiyo. Nimelijua hilo leo.

Sikujua nilikuwa natengeneza nini. Akili ya mama, hata ikiwa imechakaa, haipendi hesabu isiyokamilika. Mazishi aliyakumbuka, ubao wa jeneza aliugusa kwa mkono wake. Na Opiyo yuko hai, anapiga simu. Basi aliyezikwa ni nani?

Wiki mbili zilizopita Nyar Uriri alipiga simu katikati ya juma, mchana, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Shemeji, hii maneno sasa imenishinda."

"Kuna nini?"

"Kila asubuhi mama ananiambia nimshike mkono nimpeleke kwa kaburi. Nampeleka. Anakaa kwa kigoda pale kando ya Opiyo. Na anaongea Kiswahili."

Sikuelewa mara moja.

"Kiswahili, shemeji! Anakaa kwa kaburi ya mume wangu anasema, 'Pole, Odongo. Hao watu wa baridi wamekurudisha umekonda. Kwa nini hukuniitikia?' Watu wanapita njiani wanasikia. Watoto wangu wanasikia. Baba yao analiliwa kwa jina la mtu mwingine." Akavuta pumzi. "Mimi ndiye nilikwambia upige. Sijakataa. Lakini na mimi nilikuwa na bwana. Alikuwa na jina."

"Anasema nini kingine?" nikauliza, na hata sasa naona haya kwamba niliuliza.

"Anasema yule wa Kiswahili amenyamaza."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitembea ndani ya nyumba hii kama mbwa kabla ya tetemeko. Jumapili iliyopita sikupiga. Nilimwambia mkeo nina mafua. Mama alikaa na simu mapajani mpaka adhuhuri.

Unaona kilichotokea. Nilikusudia kukuweka hai na nimekuua vibaya zaidi, umelala chini ya jina langu, unabembelezwa kwa lugha uliyokuwa ukiikebehi. Nami niko hai na nimezikwa. Sauti moja imejibia jina lisilo lake, kama siku ile ya mvua, na aliyeita anaamini yupo asiyekuwepo. Yule mkuu wangu angetazama karatasi akasema, wamegongana, futeni wote wawili. Na kweli tumefutika.

Lakini nikikata, ninakata nyama. Nikimjibu leo kwa Kiswahili, utamfia mikononi kwa mara ya pili, na kwa umri wake ule tumbo litafunga mfungo uleule, na safari hii pengine lisifunguke. Nimemuuliza Nyar Uriri. Akasema, "Kama ni kufa, afe akijua nani ametangulia." Kisha akalia, akasema, "Hapana, sijui. Amua wewe. Wewe ndiye umesoma."

Nimesoma. Hakuna kitabu.

Dakika kumi zimebaki. Naiacha kalamu.

*

Nimerudi, Opiyo. Utanisamehe mwandiko.

Simu iliita mara mbili. Mkeo akapokea, akasema kwa sauti ndogo, "Yuko hapa," akaweka spika. Nilisikia jogoo, na mtu akitwanga mahali. Nikasikia pumzi ya mama karibu kabisa na simu, kama mtu anayechungulia kisimani.

"Opiyo?" akaita.

Kuna jambo moja la kazi yangu ambalo sikukueleza Migori. Kati ya sauti zote tunazotuma kwenye ule waya, chache tunazituma makusudi mahali pasipo na kihisi chochote. Hakuna wa kuzijibu. Zinapita na kurudi zilivyo, na kwa kuzisikiliza tunajua njia yenyewe ikoje, kelele zake, uchovu wake, ili tusimsingizie mtu yeyote kilicho cha njia. Vijana wapya huuliza kwa nini tunahangaika na sauti tupu. Huwa nawaambia, bila hizo hutamjua aliyepo.

Alipokuita, sikujibu. Nilifunga mdomo kwa kiganja. Nafasi ile ilikuwa yako na niliiacha tupu.

"Opiyo!" akaita tena, kwa nguvu zaidi. Yule mtu akaacha kutwanga. Mkeo, namshukuru, hakusema neno.

Mara ya tatu hakuita kwa nguvu. Alilitaja tu. Halafu kukawa na kimya kirefu, na katika kimya kile nilisikia njia yote: upepo kwenye spika, umri wake, umbali wangu. Nilidhani simu imekatika.

"Odongo," akasema.

"Naam, mama."

Nikarudia, "Naam," na sauti yangu ikanitoka ovyo, sijui kama ilifungua mlango au iliusukuma.

"Odongo ni wewe," akasema, kwa kile Kiswahili chake cha mpakani. "Basi yule pale nje ni Opiyo."

"Ndiyo, mama."

"Ametangulia."

"Ametangulia."

"Alikuwa na haraka siku zote, huyo." Nilimsikia akigeuka. "Nyar Uriri, nishike." Kigoda kikaburutwa, na mkeo akaenda naye, simu mkononi, sijui kwa kusahau au kwa kutaka nisikie. Hatua zao zilikuwa fupi. Kisha nilimsikia akikaa, na akaanza kukulilia, Opiyo, kwa Kidholuo, kwa jina lako lote, na la baba, na la babu, maneno ambayo sitayaandika kwa sababu si yangu. Mkeo alilia naye. Mimi nilibaki huku nimeshika meza.

Alipochoka alikumbuka simu.

"Odongo, bado uko?"

"Naam."

"Sauti yako imeshuka. Una homa?"

"Sina homa, mama."

"Umeguswa," akasema. "Njoo nikuguse paji."

Nilimwambia kiputo kimeisha jichoni, daktari ameniruhusu kusafiri tangu Alhamisi. Nilikuwa nimeificha habari hiyo hata kwangu mwenyewe.

Uji wa mchana aliukataa. Nyar Uriri amenitumia ujumbe sasa hivi kwamba amekubali maji, na amelala upande wa ukuta ulio karibu nawe. Sijui ya kesho. Nimeshusha sanduku kutoka juu ya kabati na limekaa katikati ya sakafu likiwa wazi, na bado nazunguka kando yake bila kujua nianze na nini.

Lala kwa jina lako, ndugu yangu. Siku nitakapofika langoni ataita, na nitajibu mwito wangu mmoja tu. Wa kwako nitauacha upite.

Pacha wako, aliyebaki,
Odongo